Kona Niliyoilainisha kwa Wino

Wiki iliyopita mtoto wa mdogo wangu, ambaye ni mhandisi wa barabara, aliniita chumbani kwake hapa Bigwa nikaone jinsi wanavyochora siku hizi. Aliniwekea kiti mbele ya kompyuta, akakifuta vumbi kabisa, kwa sababu anajua kwamba na mimi zamani nilikula mshahara wa kuchora. "Mama mkubwa, tazama," akasema. Akabonyeza kitu, vitone vinne vikatokea kwenye kioo, na mstari ukavipitia vyote ukiwa umepinda vizuri bila kutetemeka. Akachora mwingine pembeni yake. Kisha akaichagua yote miwili na kuiamuru iungane.

Kompyuta haikuiunganisha. Ilifungua kidirisha kidogo, ikauliza. "Inataka kujua naiunganisha kwa namna gani," mwanangu akanieleza. "Igusane tu? Au pale inapogusana iwe inaelekea upande mmoja? Au hata kiasi cha kupinda kiwe kimoja, mtu asijue wa kwanza umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi?"

Nilisimama nikatoka nje. Nilikwenda kuwatazama kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote na mtu, nikakaa nao mpaka hasira ikapungua. Mwanangu alidhani macho yananiuma. Kama ningeanza kumweleza, ningepiga kelele mpaka majirani waje kuamua ugomvi. Chuma kile kisicho na mama wala mjomba kinauliza, tena kwa upole, swali ambalo mimi mwenye cheti nililiuliza katikati ya miaka ya sabini nikaambiwa nisilete ubishi. Basi ngoja niandike, labda nitalala vizuri.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoajiriwa katika ofisi moja ya michoro mjini Morogoro. Jina la ofisi siliandiki, na waliokuwamo wengi wameshatangulia. Tulikuwa wachoraji wanne, wanaume watatu na mimi, na juu yetu alikuwapo mkuu wa chumba, bwana aliyesoma ng'ambo akarudi na sanduku la bikari ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Miaka ile sote tulikuwa ndugu. Yeye alituita ndugu, nasi tulimwita ndugu. Tofauti ni kwamba yeye alilisema neno hilo akiwa amekaa, na sisi tulilisema tukiwa tumesimama.

Siku hizo mpindo ulichorwa kwa mkono. Mpima alileta namba zake kutoka porini, nawe uliziweka kwenye karatasi kama vitone vya penseli, halafu ukatafuta mstari wa kuvipitia vyote bila kuvunjika. Tulikuwa na vipande vya plastiki vilivyokatwa mipindo ya kila aina. Unakizungusha kimoja mpaka ukingo wake ulingane na vitone vitatu au vinne, unapitisha wino, unahamia vinavyofuata. Vilikuwa vipande vitatu kwa watu wanne, na kimoja kilikuwa kimevunjika ncha. Vingine viliagizwa, tukaambiwa fedha za kigeni hamna, tukaacha kuuliza.

Mimi nilikwenda nyumbani nikachana mwanzi. Nilichukua ubale mrefu, nikaukwangua kwa kisu hadi ukawa mwembamba na laini, nikawa naukunja katikati ya misumari midogo niliyoipiga pembeni mwa vitone. Mwanzi ukikunjwa hivyo hutafuta njia yake wenyewe, wala hauachi kiwiko mahali popote. Wenzangu walicheka siku ya kwanza, siku ya pili wakauazima. Mkuu wa chumba aliuona akasema, "Ndugu, hapa hatusuki vikapu." Baadaye kazi ilipombana alikuja akauchukua mezani kwangu bila kuomba, na hakuwahi kuurudisha. Nilichana mwingine.

Nakumbuka siku ilipoletwa kazi ya barabara ya kutoka Kinole kupanda hadi kijiji cha mama yangu. Kijiji chetu kipo juu kabisa, mahali ambapo ndizi, mananasi na iliki vinaota mpaka mtu anachoka kuvuna, lakini kila kitu kilishuka kwa kichwa cha mwanamke. Magari yaliishia Kinole. Kutoka pale kwenda juu ilikuwa njia ya miguu, utelezi, mawe, na korongo moja baya linalopakana na mwamba mweusi. Mama alikuwa ameshuka na kupanda njia ile tangu akiwa msichana. Utosini alikuwa na ngozi ngumu isiyoota nywele, na shingo ilikuwa imeanza kukataa kugeuka. Ukimwita kutoka nyuma, aligeuka mwili mzima. Nilitaka gari lifike mlangoni kwa mama kabla shingo ile haijakwisha kabisa. Sikuwa na jambo lingine nililolitaka zaidi ya hilo.

Sasa, kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Inashikwa na lukolo, ukoo wa damu ya mama, na msemaji wake ni mjomba. Serikali ilisema ardhi yote ni ya wananchi, sawa, tuliitikia, lakini hakuna mwenyekiti wa kijiji aliyethubutu kung'oa mche wa mtu kule juu kabla mjomba hajatamka. Mkuu wa chumba alilijua hilo. Akanituma mimi. "Wewe ni mtoto wa kule," akasema, "kawaeleze watu wako waache ukaidi." Nilikasirishwa na neno ukaidi, ila nilikuwa na furaha kubwa mno, nikalimeza.

Mjomba aliwaita watu wa ukoo nyumbani kwake, nikawatandikia ramani ya awali chini kwenye mkeka. Mstari wa penseli ulipita katikati ya shamba la iliki alilolima mama, ambalo bibi alilipanda na mama akaliendeleza. Iliki si mahindi. Ukiing'oa leo, hata ukipanda kesho, utakaa miaka ukiitazama tu. Wajomba wadogo walinung'unika. Mama hakusema lolote, kwa sababu mbele ya kaka yake hakuwa na desturi ya kusema kwanza.

"Umechora wewe?" mjomba akaniuliza.

"Nitachora mimi, mjomba. Huu ni wa kuanzia tu."

"Gari litafika?"

"Litafika."

Akawageukia wenzake. "Kama wangekuwa watu wa mjini tu, ningekataa. Lakini huyu ni mtoto wa lukolo hii. Nani mwingine atatuonea uchungu kama si yeye?" Akamwambia mama, "Dada, iliki ing'olewe." Mama akaitikia, na siku hiyo hiyo alinipikia kuku. Nilikula mapaja yote mawili bila aibu.

Barabara ilikuwa ndefu kuliko karatasi, kwa hiyo ilichorwa kwenye shiti mbili. Ya kwanza, inayoanzia Kinole, mkuu wa chumba aliichora mwenyewe, maana ndiyo ambayo wakubwa wangeitazama kwanza. Ya pili, ya juu, akanipa mimi. Zilipaswa kukutana pale kwenye korongo na mwamba mweusi. Yake ilikwisha mapema, akaitia sahihi, ikapelekwa ikapigwa muhuri, ikarudi. Mimi nilikuwa bado nahangaika na vitone vyangu, kwa sababu kule juu mlima haukupi nafasi. Kila mpindo unaachia mwingine palepale.

Nilipomaliza niliziweka shiti zote mbili mezani, ukingo kwa ukingo. Mistari iligusana barabara. Hakuna aliyekosea hata unene wa unywele. Lakini niliinamisha kichwa nikaitazama kwa jicho moja kando ya karatasi, nikaiona kasoro. Mstari wa mkuu wa chumba ulifika pale ukiwa unaelekea korongoni. Wangu uliondoka pale ukiwa unaelekea mlimani. Katikati yake palikuwa na kiwiko. Gari linalopanda lingefika mahali hapo pua yake ikiwa inatazama shimo, na lingetakiwa kugeuka ghafla papo hapo, huku mwamba umelibana ubavuni.

Kosa lilikuwa jepesi kulielewa. Yeye alichora kwa bikari, kipande cha duara hiki akakiunga na kipande cha duara kile, na alipofika ukingoni mwa karatasi yake alisimama kama mtu aliyefika mwisho wa dunia. Hakujiuliza barabara inakwenda wapi baada ya hapo. Na dawa yake ilikuwa nyepesi vilevile. Mpindo wake uanze kugeuka mapema kidogo, vigingi sita kabla ya mwamba, ufike pale ukiwa unatazama ninakotazama mimi. Vigingi sita tu. Ni kazi ya asubuhi moja kwa mwenye raba na wembe.

Nilimwendea na shiti zote mbili. Nilimsalimu, nikamwonyesha.

"Imegusana?" akauliza.

"Imegusana, mzee, ila..."

"Basi imeungana."

"Kugusana siyo kuungana," nikasema. "Dereva akifika hapa atakuwa anatazama korongoni."

"Dereva ana usukani."

Wenzangu watatu wakacheka. Mpaka leo nikiwa peke yangu jikoni nakisikia kicheko kile, nami najibu kwa sauti majibu mazuri sana ambayo siku ile sikuwa nayo. Nilimwomba tuirekebishe shiti ya kwanza. Akaniambia shiti ya kwanza ina muhuri, na mtu akirudisha karatasi yenye muhuri ataulizwa kwa nini iliharibika, na je, nilitaka yeye aulizwe? Akaniambia siku ya mgeni rasmi imeshatangazwa. Akaniambia nisilete ubishi. Kisha akainama akatazama tena pale kwenye ukingo, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amekiona kiwiko. Alikiona! Hakuwa mjinga hata kidogo, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe.

"Kwenye picha kinaonekana vibaya," akasema. "Wageni wanatazama picha. Kilainishe."

"Na namba za vigingi?"

"Namba ziache zilivyo. Ukizigusa, muhuri unakuwa uongo."

Naomba msomaji anifuate hapa, kwa sababu hapa ndipo penye uovu wote. Mchoro wa barabara una vitu viwili. Una mstari, ambao ni wa macho, nao wakubwa huutazama na kutikisa kichwa. Na pembeni una jedwali la namba, ambalo ni la vigingi, na ndilo atakalolifuata mpima akipigilia vigingi porini. Jembe linafuata kigingi. Halifuati mstari. Nilichoambiwa ni kuchora mstari mzuri juu ya namba mbaya, ili anayetazama karatasi aone barabara moja na anayechimba achimbe nyingine.

Nilifanya. Ningependa kuandika kwamba niligoma, au kwamba nilizibadilisha namba kwa siri, na wapo wazee wenzangu ambao wangeandika hivyo wakalala usingizi. Mimi nilichukua wembe, nikazibandika shiti mbili ukingo kwa ukingo, nikakikwangua kiwiko taratibu hadi wino ukatoka wote na karatasi ikabaki na manyoya. Nikaisugua kwa ukucha ilale. Nikaukunja ubale wangu wa mwanzi juu ya pengo, nikapitisha wino. Ulitoka mpindo mzuri kuliko yote niliyowahi kuichora. Mkuu wa chumba aliusifu. Pale chini kulikuwa na vyumba viwili vya majina, cha aliyechora na cha aliyeidhinisha. Yeye alitia sahihi yake, mimi nikaandika jina langu kwa herufi kubwa zilizonyooka, kama nilivyofundishwa.

Nilikuwa naogopa. Wanawake wenye kazi ya namna ile walihesabika, na aliyeonekana mkaidi alihamishiwa mahali ambapo hata redio haishiki. Nilijiambia pia kwamba wananchi wakichimba wataiona kasoro na kuirekebisha wenyewe. Huo ndio uongo niliouamini, na kwa sehemu ulikuwa kweli, jambo linalonikasirisha zaidi.

Mwezi uliofuata nilipanda kijijini Jumapili, baada ya misa. Kazi ilikuwa imefika kwenye mwamba. Kila nyumba kumi walikuwa na kipande chao, wanaume na majembe, sururu na mitaimbo, wanawake wanabeba mawe kwa karai. Pembeni iliki ilikuwa imelundikwa na mizizi yake, imeshaanza kunyauka. Mama alikuwa kwenye mstari wa wabeba mawe. Nilimwamkia, akaitikia, akanitambulisha kwa watu wanaonijua tangu nazaliwa, kwa fahari tu.

Kule milimani njia hupimwa kwa mwanzi. Watu wetu hushusha mianzi mirefu ya kujengea ikiwa begani, na kila mtu anajua kwamba mahali ambapo mwanzi unagonga ukuta wa mlima, njia hiyo haijakamilika, inachimbwa tena. Njia mpya ikishafunguliwa, mtu mzima huipita akiwa na mwanzi mbichi, na wengine wanatazama ncha. Hakuna anayeamrishwa, ndivyo wanavyofanya tu. Mama alikuwa stadi wa kazi hiyo. Walipopumzika kunywa uji, alikata mwanzi mrefu kuliko nyumba, akauweka begani, akaanza kutembea kufuata vigingi, mwili wote ukigeuka na ule mzigo kwa sababu shingo haikugeuka. Alipofika kwenye mwamba akageuka. Ncha ya mbele ikatoka nje juu ya korongo, ya nyuma ikagonga jiwe, mwanzi ukakwama.

Alirudi nyuma, akajaribu tena. Ukakwama tena.

"Mwenyekiti," mama akaita, "hapa haupiti. Inabidi ianze kuzunguka kule chini." Akaonyesha kwa mkono. Alionyesha kigingi cha sita.

Mwenyekiti wa kijiji alicheka kwa heshima. "Mama, hiyo ni ya njia za miguu. Hii imepimwa kwa mitambo. Na aliyeichora si mwanao huyu hapa? Hebu tumuulize yeye."

Kila mtu akanigeukia. Mjomba alikuwa amekaa juu ya jiwe na bakuli la uji mkononi, naye akanitazama, na usoni mwake hapakuwa na shaka hata kidogo. Kama angekuwa mpima wa mjini aliyesimama pale, watu wale wangembishia mpaka jua lizame. Wangemletea mianzi kumi. Lakini kumbishia mtoto wa lukolo mbele ya watu, katika kazi aliyoifanya kwa ajili yenu, hilo kwetu ni kumvua nguo. Kwa hiyo walingoja niseme. Nami nilifikiria shiti yenye muhuri, na mkuu wa chumba, na jina langu pale chini kwa herufi zilizonyooka.

"Fuateni vigingi," nikasema.

Mama aliushusha mwanzi, akautupa korongoni, akanifuta vumbi begani. "Mwanangu anajua," akawaambia wenzake. Wakanywa uji wakaendelea kuchimba.

Siku ya ufunguzi nilipanda na wageni, kwenye Landrova ya nyuma, pamoja na mkuu wa chumba aliyekuwa na mchoro wetu ndani ya bomba la bati. Mbele yetu lilitangulia lori, limefungwa majani ya migomba, ambalo lingeshuka na mzigo wa kwanza. Kijijini ndizi na mananasi vilikuwa vimeshapangwa uwanjani tangu alfajiri, na watu walikuwa wameteremka hadi kwenye mwamba kulipokea gari kwa nyimbo. Tuliwasikia kabla hatujawaona.

Lori lilifika kwenye kiwiko likasimama. Dereva akarudi nyuma, akajaribu. Tairi la mbele likafika ukingoni mwa korongo na kumwaga udongo, na mkia ukagonga mwamba, majani ya migomba yakachanika. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akamwambia mgeni rasmi, "Mzee, hapa gari halipiti." Nyimbo zilikatika moja moja, kwanza za walio mbele, halafu za walio nyuma, ambao walikuwa hawajaona.

Mgeni rasmi akauliza imekuwaje. Na hapo mkuu wa chumba akafungua bomba lake. Alitandika mchoro juu ya boneti ya Landrova, akaukandamiza kwa viganja, akapitisha kidole juu ya mpindo wangu, ule mzuri kuliko yote. "Ramani haina tatizo, ndugu," akasema. "Tazama mwenyewe jinsi ilivyolainika. Wananchi hawakuifuata."

Mgeni rasmi akatazama mstari. Akatazama mwamba. Wala hakuligusa jedwali la namba kwa macho. Akawageukia watu waliochimba mlima kwa mikono yao tangu baada ya masika, akaanza kuwasema. Aliwaambia taifa haliwezi kuendelea kama kila mtu anachimba anavyotaka. Aliwaambia uvivu wa kufikiri ni mbaya kuliko uvivu wa mwili. Walisikiliza wakiwa wamevua kofia.

"Tulifuata vigingi," mjomba akasema. Hakusema kwa nguvu.

"Mzee, ramani hii hapa."

"Tulifuata vigingi, bwana mkubwa. Muulize aliyechora. Yupo."

Mkuu wa chumba alinigusa mgongoni, kunisogeza mbele, kwa upole kabisa. Mgeni rasmi akaniuliza, "Ndugu, hii ndiyo barabara uliyoichora?"

Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema. Soma namba, mzee. Hayo tu. Mjomba alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu na kofia mkononi, akiwa bado hana shaka, akingoja niwatetee.

Nilisema, "Sivyo nilivyochora."

Na ilikuwa kweli! Hiyo ndiyo aina ya ukweli niliyokuwa nimejifunza mjini. Mgeni rasmi akatikisa kichwa, akaamuru mwamba ule uvunjwe kwa kujitolea, kabla ya mvua. Waliuvunja, kwa moto na maji ya baridi, ufa kwa ufa, na mvua ikawakuta bado. Mzigo uliopangwa uwanjani siku ile ulishuka Kinole juu ya vichwa, na mwingine baada ya huo.

Tukiwa bado pale, lori lilianza kurudi nyuma kuteremka, watu wakipiga kelele kumwelekeza dereva. Mjomba alivaa kofia yake, akapanda kwenda nyumbani bila kuniaga. Wanawake walikwenda kuchukua ndizi zao. Mama alirudi na mkungu kichwani, akasimama mbele yangu palepale kwenye kona. Hakuwa na njia ya kuinamisha uso, kwa hiyo alinitazama moja kwa moja.

"Ulijua?" akaniuliza. "Siku ile uliposema tufuate, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

Nilinyoosha mikono kuupokea mkungu, angalau niubebe mimi hadi Kinole. Aliurudisha nyuma kidogo, nisiufikie.

"Panda gari na wenzako," akasema. "Watakuacha."

Nikapanda.